Unga wa Maua ya Dawa Maabarani: Kutafuta Chanzo cha Matokeo Yasiyoeleweka

Karafuu nzima hujieleza. Ina kichwa cha petali zilizofumbata, ina mwili mwembamba wenye pande nne, na ukiibana kwa ukucha hutoa mafuta. Ikishasagwa, ushahidi huo wote hufichika, na mchambuzi hubaki na unga wa kahawia ambao unaweza kuwa karafuu tupu, karafuu iliyochanganywa na makonyo, yaani vikonyo vinavyoshika matumba, au karafuu iliyokwisha kukamuliwa mafuta yake. Ndivyo ilivyo pia kwa rosela, ambayo wengi huiita choya, na kwa zafarani: ua likiwa zima hutambulika kwa macho, likiwa unga hutambulika kwa kazi.

Mwongozo huu unawahusu wachambuzi wa maabara ndogo na za kati wanaopokea unga wa maua ya dawa kutoka kwa waganga, wasindikaji na wafanyabiashara. Umepangwa kwa kufuata dalili, yaani matokeo yasiyoeleweka yanayojitokeza mezani, kisha vyanzo vyake na namna ya kutenganisha chanzo kimoja na kingine. Nimetumia karafuu zaidi kuliko maua mengine, kwa kuwa ni tumba la ua lenye historia ndefu Unguja na Pemba na kwa kuwa viwango vyake vinajulikana vizuri.

Kuna jambo moja ninaloliamini kwa dhati katika kazi hii, nalo linaongoza kila sehemu inayofuata: namba moja haitoshi kumhukumu mtu. Takriban kila dalili ina angalau vyanzo viwili, kimoja kilichomo kwenye unga na kingine kilichomo kwenye kipimo chenyewe. Mchambuzi aanze na kipimo, kwa sababu hicho kiko mikononi mwake, na kwa sababu mwenye unga anaweza kupoteza riziki na heshima yake kwa kosa ambalo hakulitenda.

Vipimo viwili vya sampuli ileile havilingani

Hii ndiyo dalili ya kwanza kushughulikiwa, maana ikiwepo, hakuna namba nyingine inayoweza kuaminika. Mchambuzi hupima majivu, yaani kinachobaki unga ukichomwa, mara mbili, akapata asilimia 5 kisha asilimia 8, na usahihi wa mizani ukaanza kutiliwa shaka. Mara nyingi mizani haina hatia. Unga wa maua hujitenga wenyewe ndani ya mfuko: chembe nzito za mchanga hushuka chini, vumbi jepesi la chavua hubaki juu, na vipande vya nyuzi hukusanyika pembeni. Kuchota kijiko kimoja juu ya mfuko ni kupima sehemu ya juu ya mfuko, si mzigo.

Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani ni rahisi kuufuata hata bila vifaa vya gharama. Mzigo wenye vifurushi 5 au pungufu, vyote vichukuliwe sampuli. Wenye vifurushi 6 hadi 50, vichaguliwe 5. Unaozidi 50, ichaguliwe asilimia 10 ya vifurushi. Kila kifurushi kichotwe juu, katikati na chini, kisha sampuli zichanganywe na kupunguzwa kwa kugawanya robo: unga unatandazwa kuwa mraba, unagawanywa mafungu manne, mafungu mawili yanayotazamana kwa mshazari yanaondolewa, na yaliyobaki yanachanganywa tena hadi kifikiwe kiasi kinachotakiwa.

Ikiwa sampuli imechukuliwa vizuri na tofauti bado ipo, angalia ukubwa wa chembe. Unga uliosagwa kwa kinu cha kijijini huwa na chembe za ukubwa tofauti, na chembe kubwa huchelewa kutoa viambata vyake kwenye kiyeyusho. Upitishe wote kwenye chekecheo moja, na kile kinachokataa kupita kisagwe tena na kurudishwa. Kisitupwe, kwa sababu kinachokataa kupita ndicho mara nyingi chenye nyuzi za makonyo, na ukikitupa umetupa ushahidi. Kwa rosela, hesabu pia hewa ya pwani: unga huu hunyonya unyevu kwa kasi kubwa, na sampuli iliyoachwa wazi mezani Dar es Salaam au Mji Mkongwe huongezeka uzito wakati bado unaipima. Tumia chupa ya kupimia yenye kifuniko, pima upesi, na uwe na utaratibu uleule kwa kila rudio.

Unyevu wa karafuu unaonekana mkubwa kupita kiasi

Unga ni mkavu mkononi, haushikamani, lakini tanuri linaonyesha kwamba umepoteza asilimia 18 au 20 ya uzito wake. Mchambuzi mgeni huandika kwamba karafuu haikukaushwa. Hilo ni kosa la njia, na ni la kawaida mno. Tanuri lenye nyuzi joto 105 haliondoi maji peke yake. Linaondoa pia mafuta ya karafuu, na karafuu nzuri ina mafuta mengi. Kwa hiyo kadiri karafuu inavyokuwa bora, ndivyo kipimo cha tanuri kinavyoizulia unyevu ambao haina. Harufu kali inayojaa chumba mara tanuri linapofunguliwa inatosha kumjulisha mchambuzi kwamba anachokipima si maji.

Dawa yake ni kupima maji kwa kunereka pamoja na tolueni, kiyeyusho kisichochanganyika na maji. Maji na tolueni hupanda pamoja kama mvuke, hupoa, kisha maji hujitenga chini ya neli yenye alama, ambapo ujazo wake husomwa. Njia hii nayo ina matatizo yake. Matone ya maji yakining'inia kwenye kuta za kipoozeo, neli imebaki na grisi. Isafishwe vizuri, isuuzwe na kukaushwa kabla ya kazi. Matokeo yakiwa madogo kila mara, huenda tolueni haikushibishwa maji kwanza, hivyo ikameza sehemu ya maji ya sampuli. Nereka tolueni pamoja na mililita 2 hivi za maji, ipoe, soma alama, ndipo utie unga. Tolueni huwaka na mvuke wake una madhara, kwa hiyo kazi hii ifanyike ndani ya kabati la kuvuta hewa, kwa kipashajoto cha umeme kisicho na mwali.

Rosela ina dalili inayofanana lakini chanzo tofauti. Uzito wake hauishi kushuka: kila ukirudisha sampuli tanurini hupungua tena, na rangi hugeuka kutoka wekundu wa damu ya mzee hadi hudhurungi. Hapo sukari na asidi za ua zinaharibika kwa joto. Uzito huhesabika kuwa umetulia pale tofauti ya vipimo viwili vya uzito vinavyofuatana haizidi miligramu 5. Ikiwa rosela haifiki hapo, iache tanuri na utumie tolueni, au ikaushe kwa joto dogo chini ya shinikizo lililopunguzwa.

Mafuta ya karafuu yanatoka kidogo

Hapa ndipo penye migogoro mingi, kwa hiyo nitakaa zaidi. Famakopea ya Ulaya, yaani kitabu cha viwango vya dawa, inataka karafuu itoe si chini ya mililita 150 za mafuta kwa kila kilo. Unga unaoletwa maabara mara nyingi hutoa chini ya hapo, wakati mwingine nusu yake. Vyanzo ni vingi, na kila kimoja huacha alama yake.

Anza na mtambo. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, tofauti na mafuta ya maua mengi, na mtambo wa kunereka uliotengenezwa kwa mafuta yanayoelea utayaruhusu yazame na kurudi kwenye chupa pamoja na maji. Ndiyo maana hutiwa nusu mililita ya zaileni kwenye neli yenye alama: zaileni huyapokea mafuta na kuyabakiza juu, kisha ujazo wake hutolewa katika hesabu ya mwisho. Mchambuzi aliyesahau zaileni atapata mafuta kidogo, na akichunguza ataona matone ya manjano yamelala chini ya kona ya neli. Angalia pia mwendo wa kunereka: ukiwa wa polepole mno, saa mbili za kunereka hazitoshi; ukiwa wa haraka mno, kipoozeo hakiwezi kuupoza mvuke wote na harufu hujaa chumbani. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kipimo hicho kifutwe na kianzwe upya kwa sampuli mpya, maana hakuna hesabu inayoweza kufidia mapumziko hayo.

Mtambo ukiwa mzima, uliza unga ulisagwa lini. Mafuta yamo ndani ya vifuko vidogo chini ya ngozi ya tumba, na kusaga huvipasua. Kuanzia hapo mafuta huanza kutoroka hewani, na mfuko mwembamba wa plastiki hauyazuii. Kwa sababu hiyo unga hauwezi kudaiwa kiasi kilekile cha mafuta kinachodaiwa karafuu nzima bila kutajwa umri wake. Mwombe mwenye mali alete karafuu nzima za mzigo uleule, zisage mwenyewe zikiwa zimepozwa, na uzinereke papo hapo. Ikiwa nzima zinatoa mafuta ya kutosha na unga hautoi, tatizo ni usagaji au uhifadhi, na mwenye mali anahitaji ushauri wa chombo bora zaidi kuliko karipio.

Ikiwa nzima hazipatikani, nenda kwenye hadubini. Weka chembe za unga kwenye klorali haidreti, pasha moto kidogo mpaka tishu ziwe angavu, kisha tafuta. Karafuu halisi itakuonyesha vipande vya tishu vyenye vifuko vya mafuta, nyuzi fupi nene, fuwele za kalisi oksaleti zilizokusanyika kama nyota, na chavua ndogo za umbo la pembetatu. Kisha tafuta visivyotakiwa kuwepo. Seli ngumu zenye kuta nene, ambazo hugeuka nyekundu kwa florogluchinoli na asidi ya haidrokloriki, hutoka kwenye makonyo. Moja au mbili katika slaidi nzima zinaweza kuvumiliwa, kwa sababu hakuna uchambuaji wa mkono unaoondoa kila kikonyo, lakini zikijaa kila unapotazama, makonyo yamesagwa pamoja na karafuu. Makonyo yana mafuta kiasi cha asilimia 5 hadi 7 tu, na hivyo hushusha kipimo moja kwa moja.

Slaidi nyingine iwekwe iodini bila klorali. Tumba la karafuu halina wanga. Chembe zinazogeuka buluu zinaonyesha ama matunda ya mkarafuu, yaani matumba yaliyoachwa mtini hadi yakakomaa, ama unga wa nafaka au muhogo ulioongezwa. Umbo la chembe ndilo linalotofautisha, kwa hiyo maabara iwe na slaidi zake za kulinganisha: mahindi, muhogo, mchele, na matunda ya mkarafuu yenyewe. Slaidi hizo hazigharimu kitu isipokuwa jitihada, na nashangaa ni maabara chache kiasi gani zinazozitunza.

Kuna hali nyingine, iliyo ngumu zaidi. Mafuta ni kidogo, seli ngumu hazipo, wanga haupo, tishu zote ni za tumba. Angalia vifuko vya mafuta: vikiwa vitupu na vimesinyaa katika kipande baada ya kipande, na unga ukawa na weusi kuliko kawaida, fikiria karafuu zilizokwisha kunerekwa mafuta yake kisha zikakaushwa na kusagwa. Pima kiasi cha vitu vinavyoyeyuka katika maji. Karafuu iliyopoteza mafuta kwa kukaa muda mrefu bado ina takriban viambata vyake vyote vinavyoyeyuka majini, lakini iliyochemshwa imepoteza vyote viwili. Vipimo hivyo viwili vikisomwa pamoja hutoa jibu ambalo kila kimoja peke yake hakiwezi kulitoa.

Tahadhari moja kuhusu kipimo cha rangi cha kloridi ya feri. Wapo wanaotia matone yake kwenye dondoo ya unga, wakaona rangi ya buluu iliyokoza, na kuandika kwamba yujenoli, kiambata kikuu cha mafuta ya karafuu, ipo. Karafuu ina tanini nyingi, na tanini hutoa rangi hiyohiyo, kama zinavyofanya tanini za magome na majani chungu nzima. Kipimo hicho kinaweza kukanusha, hakiwezi kuthibitisha.

Majivu ni mengi

Famakopea hiyohiyo inaweka kikomo cha majivu ya karafuu kuwa asilimia 7, na ya rosela kuwa asilimia 10. Yakizidi, hatua ya kwanza ni kutazama rangi yake. Majivu yenye madoa meusi hayajaisha kuungua. Yaliyobaki ni kaboni, na uzito wake hauna maana. Acha chombo kipoe, lowesha majivu kwa maji kidogo, kausha, kisha rudisha kwenye tanuru. Usiharakishe kwa kupandisha joto kupita nyuzi 600, kwa sababu chumvi za potasiamu huanza kupotea na kosa linageukia upande wa pili.

Yakiwa meupe na bado mengi, yachemshe katika asidi ya haidrokloriki kwa dakika tano, chuja, choma karatasi ya kuchujia isiyoacha majivu, na upime kilichobaki. Kisichoyeyuka katika asidi ni hasa mchanga na udongo. Karafuu zilizoanikwa juu ya majamvi safi hutoa kiasi kidogo mno. Zilizoanikwa chini au pembezoni mwa barabara ya vumbi hujulikana hapa. Rosela hukusanya mchanga kwa wepesi zaidi, kwani sepali zake zina mikunjo na unyevu wenye kunata wakati wa kuvunwa.

Lakini kuna unga ambao majivu yake ni mengi na mchanga wake ni mdogo. Hapo fikiria chokaa iliyoongezwa kuongeza uzito. Wengi hutia asidi kwenye majivu, wakaona povu, wakahitimisha. Hitimisho hilo halifai, kwa sababu kalisi oksaleti ambayo ni ya ua lenyewe hugeuka kuwa kabonati inapochomwa, na majivu ya unga halali yatatoa povu vilevile. Tia asidi kwenye unga mbichi usiochomwa: oksaleti haitoi povu, chokaa hutoa. Tofauti hiyo ndogo ya utaratibu imebeba heshima ya mtu.

Rangi ya rosela haiendani na kipimo

Wekundu wa rosela unatokana na anthosiyanini, yaani rangi asilia za mmea, hasa zile za delfinidini na siyanidini, na hupimwa kwa kulinganisha ufyonzaji wa mwanga katika pH 1.0 na pH 4.5, kwenye nanomita 520 na 700. Dalili zinazojitokeza ni mbili zinazopingana.

Ya kwanza ni unga mwekundu wenye kipimo kidogo. Kabla ya kushuku rangi ya kiwandani, angalia namba ya nanomita 700. Ikiwa kubwa, dondoo ina ukungu wa chembe. Ichuje au izungushe kwa sentrifyuji na usome tena. Angalia pH ya bafa, yaani kimiminika kinachoshikilia pH, siku hiyohiyo, kwa kuwa bafa iliyokaa hubadilika, na rosela yenyewe ina asidi nyingi kiasi kwamba ukitia dondoo nyingi katika bafa ya 4.5 unaivuta chini. Hakikisha pia kwamba dondoo imezimuliwa kwa uwiano uleule katika bafa zote mbili. Mambo haya yakiwa sawa na kipimo bado ni kidogo, fanya jaribio la sufi. Uzi mweupe wa sufi huchemshwa katika dondoo iliyotiwa asidi, huoshwa, kisha hutiwa katika amonia hafifu. Rangi bandia za asidi hushika sufi, huachia katika amonia, na hushika tena sufi mpya ukirudisha asidi. Anthosiyanini haiwezi mzunguko huo. Katika amonia hugeuka kijani au buluu na kuharibika.

Ya pili ni unga wenye kipimo kizuri katika maabara moja na kibaya katika nyingine. Mara nyingi hakuna aliyekosea: maabara moja imehesabu kwa siyanidini-3-glukosidi, kama desturi ya njia hii ilivyo, na nyingine imehesabu kwa delfinidini iliyo nyingi zaidi katika rosela. Cheti kisichotaja msingi wa hesabu hakilinganishiki na chochote.

Unga uliogeuka hudhurungi ukiwa na kipimo kidogo hauna fumbo. Umekaushwa kwa jua kali au umehifadhiwa kwenye joto na mwanga.

Zafarani

Kwa kuwa bei yake ni kubwa, zafarani ya unga ichukuliwe kuwa na shaka hadi ithibitishwe. Dondosha asidi ya salfuriki iliyokolea juu ya chembe chache: zafarani halisi hugeuka buluu mara moja, kisha zambarau, kisha kahawia. Petali za kartamu, ua linalofanana na zafarani, hazitoi buluu hiyo. Manjano hujulikana kwa asidi ya boriki, ambayo huipa wekundu wa kahawia. Chembe zikitoa rangi tofauti ndani ya tone moja, ni mchanganyiko, na hadubini ndiyo itakayosema wa nini.

Madoa ya kromatografia yana mikia au yamehama

Katika kromatografia ya tabaka jembamba, njia ya kutenganisha viambata kuwa madoa kwenye bamba, dondoo ya karafuu iliyopandishwa kwa tolueni kwenye bamba la silika huonyesha doa kubwa la yujenoli linaloonekana jeusi chini ya mwanga wa nanomita 254, na baada ya kunyunyiziwa anisaldehidi hugeuka zambarau yenye ukahawia. Chini yake kuna doa hafifu la asetati ya yujenoli, na juu karibu na ukingo wa kiyeyusho kuna kariofilini.

Doa likiwa na mkia mrefu, sampuli ni nzito. Izimue mara tano na ujaribu tena. Madoa yote, pamoja na ya sampuli rejea inayojulikana kuwa halisi, yakiwa yamepanda juu au chini kuliko kawaida, bamba limenyonya unyevu wa hewa. Katika miezi ya masika hili hutokea kila siku pwani. Kausha mabamba kwa nyuzi 105 kwa nusu saa, yapoze kwenye chombo chenye jeli ya silika, na uyatumie mara moja. Madoa ya pembeni yakipanda kuliko ya katikati, tangi halikushiba mvuke. Weka karatasi ya kuchujia ukutani mwake na usubiri. Rangi hafifu baada ya kunyunyizia humaanisha kwamba kinyunyizio kimezeeka. Anisaldehidi iliyogeuka nyekundu imwagwe kwa utaratibu wa taka za kemikali.

Ikiwa sampuli rejea imekaa mahali pake na unga pekee una doa la ziada, hapo ndipo unga unapaswa kuulizwa. Doa kali lisilofanana na mmea wowote, hasa katika unga unaosifiwa kuponya maumivu, shinikizo la damu au udhaifu wa kiume kwa saa chache, lichunguzwe kama dawa ya kisasa iliyochanganywa bila kutajwa. Weka kando yake parasetamoli, deksamethasoni, sildenafili au haidroklorothiazaidi, kulingana na madai ya unga. Doa kulingana na mojawapo si uthibitisho, bali ni sababu ya kupeleka sampuli kwenye kromatografia ya kimiminika ya shinikizo kubwa yenye kipima masi.

Bamba la vijidudu ni safi mno

Unga uliochumwa, ukaanikwa na kusagwa kwa mikono hauwezi kuwa na bakteria sifuri. Matokeo hayo yakitokea kwa karafuu au rosela, usiyafurahie. Yujenoli huzuia bakteria na kuvu kukua, na huendelea kuzuia ndani ya chakula cha kuoteshea. Rosela hufanya hivyo kwa asidi yake. Bakteria wapo, wamezuiwa tu, na katika tumbo la mgonjwa zuio hilo halina uhakika.

Fanya jaribio la kurejesha: tia idadi inayojulikana ya bakteria kwenye mchanganyiko wa unga na kwenye kimiminika kisicho na unga, kisha linganisha. Zikiota chini ya nusu katika mchanganyiko wa unga, kipimo hakifai. Zimua zaidi, ongeza polisobeti 80 na lesithini zinazoifunga yujenoli, na kwa rosela rekebisha pH ikaribie 7. Rudia hadi urejeshaji ukubalike, ndipo uhesabu.

Tatizo la kinyume, kuvu nyingi kupita matarajio, lianze kuangaliwa kwenye joto la kuoteshea. Kuvu huoteshwa kwa nyuzi 20 hadi 25, na meza ya maabara ya pwani mara nyingi huwa na joto zaidi ya hapo. Bila kiatamizi chenye upoozaji, hesabu hiyo haina msingi. Linganisha na vikomo vinavyohusu matumizi halisi ya unga. Shirika la Afya Duniani linaruhusu bakteria 100,000 kwa gramu, kuvu na hamira 1,000, na E. koli 10 kwa unga unaomezwa kama ulivyo, na linaruhusu zaidi kwa ule unaochemshwa kwanza, lakini salmonela hairuhusiwi. Kwa hiyo muulize mwenye unga wagonjwa wake wanautumiaje. Bila jibu hilo huwezi kujua kikomo kipi kinahusika.

Madini yamezidi

Vikomo vinavyotumika sana ni miligramu 10 za risasi na miligramu 0.3 za kadimiamu kwa kilo. Ikiwa sampuli tupu, yaani asidi na maji bila unga, nayo ina risasi, chanzo ni vyombo au asidi. Ikiwa tupu ni safi, saga maua mazima ya mzigo uleule kwenye kinu cha kauri na ulinganishe na unga ulioletwa. Madini yakiwepo katika unga wa mashine peke yake, hasa chuma, nikeli na kromiamu, meno ya mashine yanasagika pamoja na dawa. Yakiwepo katika vyote viwili, chanzo ni shamba au mahali pa kuanikia.

Kinachoandikwa kwenye cheti

Cheti kitaje njia iliyotumika, hali ya sampuli ilipopokelewa, tarehe ya kusagwa kama inajulikana, na kama karafuu nzima au maua mazima yalipatikana kwa ulinganisho. Utambulisho wa mmea ukiwa na shaka, omba sampuli kavu yenye jani, ua na tawi, ilinganishwe na zile zilizohifadhiwa katika hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, kama ile ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi. Kwa Tanzania Bara, unga unaotafuta usajili hupita kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo msingi wake ni sheria ya mwaka 2002, na afisa anayesoma cheti chako hakuwepo maabarani. Neno "umechakachuliwa" liandikwe pale tu vipimo viwili visivyotegemeana vinapokubaliana juu ya kitu kilichoongezwa na jina lake likajulikana. Pasipo hapo, andika kilichoonekana: mafuta mililita 90 kwa kilo, seli ngumu chache, wanga haupo, umri wa unga haujulikani, kisha hifadhi robo ya sampuli iliyofungwa na kutiwa lakiri, ili maabara nyingine iweze kurudia kazi hiyo ikihitajika.